Mfenesi Uliokwama Kwenye Kompyuta

Benchi la Saroji muuza chai lina miguu mitatu. Wa nne ni jiwe. Komredi Divakaran hukaa upande wa jiwe, anasema mbao zinaweza kumsaliti. Mbele yetu kuna mfereji, nyuma yetu kuna maktaba ya kijiji, na mtandao wa maktaba unafika mpaka pale Saroji anapokaangia bhajia za dengu. Mimi ni fundi cherehani, jina langu la kijiweni ni Uzi. Jumatatu ile, wiki ya Onam, sikukuu ya mavuno ya kwetu Kerala, nilifika mapema kwa sababu usingizi ulikuwa umenikataa. Jumamosi tulikuwa na mchezo wa kuigiza kwenye uwanja wa maktaba. Mabango yalikuwa yamebandikwa mpaka stendi ya mabasi. Na mimi, kaka mkubwa katika mchezo huo, nilikuwa nimeinua panga niukate mfenesi wa mpakani, lakini sikujua kama naukata au siukati. Kurasa nilizopewa ziliishia hapo. Zilizobaki zilikuwa ndani ya kompyuta ya Kondakta, na kompyuta ya Kondakta ilikuwa imegoma.

Bajaji ikasimama. Ikashuka kwanza kompyuta, imefungwa shuka la maua, halafu akashuka Kondakta mwenyewe, amekumbatia kioo cha kompyuta kifuani.

Jina lake la kuzaliwa ni Kunjappan. Alikata tiketi kwenye mabasi ya serikali mpaka alipostaafu, na sifa yake ni moja: hakuna mtu aliyewahi kupanda basi lake bila kulipa. Si shemeji yake, si padri, si polisi. Alipostaafu akaanza kuandika michezo ya kuigiza, na kila Onam anatutolea mmoja.

— Mke wangu kasema hivi: hii ikirudi nyumbani bado mbovu, na mimi nisirudi.

— Kuna nafasi chini ya cherehani yangu, — nikamwambia. — Lakini kwanza niambie, mfenesi naukata?

— Uzi, nimekwambia sikumbuki! Niliandika nikiwa na homa. Najua tu kwamba ilikuwa nzuri.

Pothen akacheka mpaka akamwaga chai. Pothen tunamwita Kuwait, kwa sababu alikaa Kuwait muda mrefu na kila hadithi yake inaanzia huko.

— Mgonjwa anaumwa nini hasa? — akauliza.

— Naiwasha, kaduara kanazunguka. Naenda kuoga, narudi, kanazunguka. Nakunywa uji, kanazunguka. Halafu inaniandikia kwamba imezeeka, haiwezi kupokea mambo mapya.

— Imezeeka yenyewe au ilikuwa inakusema wewe?

— Kuwait, nitakupiga na kibodi.

Mwalimu Ambika akatoka maktaba na mkoba wake begani. Anafundisha sekondari, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa kwa sikukuu, alikuwa ameahidi kumtazama mgonjwa. Akainama, akapuliza vumbi, akagonga sanduku kwa kidole.

— Haina ubaya wowote. Mfumo uliomo ndio umeielemea. Tutautoa, tutaiwekea mwingine unaoitwa Linux, kama zile za shuleni kwetu. Itaamka kama mtoto.

— Bei gani? — akauliza Kondakta.

— Hakuna bei.

— Hakuna bei ya leo, au hakuna bei kabisa?

— Kabisa. Leo, kesho, na siku zote.

Kondakta akakunja uso kama amemwona mtu anaruka basi dirishani.

— Mwalimu, mimi nimefanya kazi barabarani. Sijaona basi linalotembea bila mtu kulipia dizeli. Nani analipa?

— Na huo uliomo sasa, kaka, wewe uliulipia?

— Mwanangu aliniwekea kabla hajaenda Doha. Alinunua CD pale stendi, kwenye ile meza ya miwani na betri.

Mwalimu akamwangalia kwa huruma.

— Kaka, hizo CD za stendi ni za kunakili kwa wizi. Mwenye mfumo hakulipwa hata ndururu.

— Unasema nini?

— Nasema umepanda bila tiketi.

Ndugu zangu, Komredi alicheka mpaka jiwe likahama na benchi likainama. Kuwait alisimama, akajipiga mapaja.

— Wewe! Wewe uliyemshusha mama yangu mzazi njiani kwa sababu chenji yake ilipungua! Kumbe mwenyewe unaning'inia mlangoni!

Kondakta hakucheka. Aliweka glasi yake ya chai chini polepole. Masikio yake yalikuwa mekundu.

— Itoeni, — alisema. — Sasa hivi. Sitaki ikae humo hata dakika.

— Hapana! — Saroji akapiga kelele kutoka jikoni, upawa mkononi. — Hakuna kuanza jambo jipya! Tazameni kalenda. Leo saa ya Rahu, saa ya mkosi, inaisha saa tatu. Mkianza sasa hivi, kitu hicho kitaungua na duka langu.

— Ushirikina! — Komredi akanguruma. — Karne hii, dada Saroji, mbele ya mashine!

— Sawa. Bonyeza wewe, basi.

Komredi alitazama kitufe. Akatazama saa ya ukutani. Akasema kwamba chai yake bado ya moto, ataimalizia kwanza.

Basi tukasubiri, na kusubiri ndiko kulikoleta balaa, maana swali la Kondakta lilikuwa bado liko hewani.

— Mimi nawaambia nani analipa, — Kuwait akaanza. — Kampuni kubwa. Wanakupa bure mpaka umezoea. Kule Kuwait mkahawa mmoja ulifunguliwa, chai bure mwezi mzima. Mwezi wa pili, tukalipa mara mbili, na tukaenda hivyo hivyo, maana miguu ilishajua njia.

— Umechemsha, — akasema Komredi. — Hii ni kazi ya wafanyakazi. Fundi wa huku anaandika kipande, fundi wa kule anaandika kipande, bosi hayupo. Unaelewa maana yake? Bosi hayupo! Jambo hili lilitakiwa kutangazwa kwenye mkutano wa chama! Zikibadilika kompyuta zote za kata hii, mwakani zinabadilika za wilaya, na baada ya hapo benki zinajifunga zenyewe kwa aibu.

— Benki na kompyuta ya Kondakta wapi na wapi? — Kuwait akauliza.

— Ndiyo njia yenyewe! Huanzia nyumbani!

— Mnaongea kama hamjaoa, — Saroji akasema huku akimwaga chai kutoka juu ya kichwa mpaka kwenye glasi bila tone kuanguka. — Wanaume watu wazima, wanakaa jioni wanaandika kitu wasicholipwa? Hao wamegombana na wake zao. Kila wakigombana, mfumo unaongezeka. Ndiyo maana hauishi.

— Kuna wanawake pia wanaoandika, — akasema Mwalimu.

— Basi hao wamegombana na mama wakwe. Hapo ndipo patamu, maana ugomvi wa mama mkwe hauna mwisho.

Kuwait akasogea, akashusha sauti. Akishusha sauti, ujue amefika mbali.

— Haya, sikieni. Je, kama wanatusikiliza? Hii kitu inaingia nyumbani kwa Kondakta, inakaa kimya, inasoma michezo yake. Huko Ulaya kuna mtu kwenye chumba chenye baridi anasoma habari za kaka na dada wanaogombania mfenesi.

— Asome tu! — Kondakta akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye bajaji akachangamka. — Nitafurahi! Huku kwenu hata mabango hamsomi!

— Kaka, — akasema Mwalimu, anacheka, — ule mfumo wa stendi huwezi kuufungua uone ndani yake. Huu unafunguka wote. Mtu yeyote anaweza kutazama ulivyotengenezwa, akaubadilisha, akampa jirani. Kuwa bure ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba uko huru. Hata huu wa shuleni kwetu ulitengenezwa hivyo: watu wetu walichukua mwingine unaoitwa Ubuntu, wakautia lugha yetu na masomo yetu.

— Ubuntu? — Kuwait akaruka. — Hilo neno la Kiafrika! Nililala chumba kimoja na Mganda kule Kuwait, kwao wanasema obuntu. Ni utu! Mtu akikunyima chumvi anakwambia huna obuntu.

— Ndiyo hivyo hivyo.

— Kumbe! — Kuwait akakaa. Sijawahi kumwona anabadilisha upande upesi hivyo. — Mngesema mapema. Yule Mganda alikuwa mtu mzuri sana.

Saa ilipogonga tatu, Saroji mwenyewe ndiye aliyefuta meza. Mwalimu akachomeka flashi, akawasha. Maandishi yakashuka kwenye kioo kama mvua, na sisi wote tukainama pamoja mpaka vichwa vikagongana.

— Tulieni. Sijafuta kitu. Kwa sasa inaishi kwenye flashi tu, kama mgeni aliyekaa barazani. Kwanza tutoe vitu vyako.

Ukaja ukurasa mzuri wenye picha, hakuna kaduara. Kipanya kikatembea bila kusita. Kondakta akaona mafaili yake yote yamejipanga, akatoa sauti ambayo nimewahi kuisikia kwa watu wanaopokea ndugu uwanja wa ndege. Mwalimu akanakili kila kitu kwenye flashi nyingine: picha za mwanawe, hati za pensheni, na mchezo wetu.

— Fungua mchezo! — nikasema. — Mwalimu, nakuomba. Nimeinua panga tangu wiki iliyopita.

Akaufungua.

Nilichokiona sitakisahau. Hakukuwa na herufi hata moja ya Kimalayalam, lugha yetu. Kulikuwa na takataka: herufi za Kizungu, alama za kuuliza, vistari, mabano, ukurasa baada ya ukurasa, kama kuku amekanyaga wino.

Bhajia ziliungua jikoni na Saroji hakugeuka.

— Ni saa ya Rahu, — akanong'ona. — Saa ya ukutani iko mbele, Mungu wangu, nilisahau kuirudisha.

Kondakta alikaa chini, nje ya benchi, kwenye udongo. Alikuwa na shati jeupe alilovaa kwa ajili ya siku hiyo. Nilimsogelea, nikamshika bega.

— Sikuuandika pengine, — alisema. — Mwaka mzima, Uzi. Asubuhi zote. Kwa kidole kimoja.

Na mimi, niseme kweli, nilisahau Jumamosi. Nilisahau mabango. Nilimwona tu mzee aliyekaa kila asubuhi akitafuta herufi moja moja, na sasa zimegeuka vumbi mbele ya watu.

Mwalimu alikuwa amesogeza uso karibu na kioo. Midomo yake ilikuwa ikisoma ile takataka.

— Kaka, ulipoandika, aina ya herufi uliichagua kwenye orodha? Ile ya zamani, yenye majina ya mito?

— Aliniwekea mwanangu. Sijui majina.

— Basi hazijaharibika! Inuka chini huko, utachafuka! — Sauti yake ilipanda. — Zamani kompyuta zilikuwa hazijui lugha yetu. Watu walizidanganya: unaandika herufi ya Kizungu, kompyuta inakuchorea ya kwetu juu yake. Ukiondoa mchoro, ndiyo unaona haya. Maneno yako yamo humu yote. Yamevaa nguo za watu tu.

— Na nani atayavua?

— Kuna programu. Iliandikwa na watu wa huku huku kwetu, Kerala. Walichoka kuona vitabu vya watu vinapotea hivi. Ngojeni niivute mtandaoni.

— Wa huku? — Komredi akauliza. — Siyo Ulaya?

— Wa huku. Wengine walikuwa bado wanafunzi. Hata hizi herufi mnazosomea kwenye simu zenu, nyingi wamezichora wao, jioni, baada ya kazi.

Kuwait akamtazama Saroji. Saroji akasema, kwa sauti ndogo, kwamba labda hawakugombana na mtu.

Mwalimu akaivuta ile programu, akailisha faili, akabonyeza.

Mstari wa kwanza ukageuka. Halafu wa pili. Halafu ukurasa mzima ukajaa Kimalayalam, mviringo mviringo, safi, kama zulia la maua mlangoni siku ya Onam. Komredi alipiga ukelele uliowatoa watu maktaba. Kuwait alimkumbatia dereva wa bajaji, ambaye alikuwa amerudi kuuliza kama mgonjwa anarudi nyumbani. Kondakta hakuinuka vizuri, alitembea kwa magoti mpaka kwenye meza na kuweka kidole juu ya kioo, juu ya jina la mchezo wake.

— Ukurasa wangu! — nikasema. — Jamani, panga!

Tukautafuta. Nikausoma kwa sauti, mbele ya wote:

"Kaka mkubwa anashusha panga. Anakaa kwenye mzizi. Analia."

— Nalia? — nikauliza.

— Unalia, — akasema Kondakta, na macho yake yalikuwa tayari yamejaa. — Sasa nimekumbuka. Unalia, kwa sababu mama yenu ndiye aliyeupanda.

— Mbele ya wateja wangu?

— Mbele ya wilaya nzima, Uzi.

Kisha likabaki la mwisho. Mwalimu akatuonyesha kitufe cha kufuta mfumo wa zamani na kuweka mpya moja kwa moja. Akasema aliyezoea kuandika humo ndiye abonyeze. Kondakta akajifuta mikono kwenye shati. Aliutazama mchoro wa diski kwenye kioo kwa muda. Nadhani alikuwa anamfikiria kijana wake aliyemwekea ile CD kabla ya kupanda ndege.

— Sitamwambia ilikuwa ya wizi, — alisema. — Alitaka kunisaidia tu.

Akabonyeza.

Mfumo ulipokuwa unajipanga, tuliusoma mchezo wote kwa zamu, Saroji akisoma sehemu ya dada. Watu wakaongezeka. Walikaa kwenye ukingo wa mfereji, kwenye baiskeli, kwenye magunia ya nazi. Wakacheka palipo pa kucheka, na dada alipomwomba kaka yake radhi, wazee wawili wakapenga makamasi. Kompyuta ikazimika, ikawaka yenyewe, na kabla Saroji hajamaliza kumimina chai ikawa iko tayari, inangoja. Hakuna kaduara.

— Mmeona! — Komredi alikuwa amesimama juu ya jiwe lake. — Mmeona nguvu ya watu kupeana! Mtu ambaye hutamjua maisha yako yote amekuokoa, na hataki hata asante! Kila kitu kingekuwa hivi!

— Kila kitu! — Kuwait akajibu.

— Na mimi nasema, — Kondakta naye akapaza sauti, uso unang'aa, — mtu mwenye kitu kizuri akakifungia ndani ni mchoyo! Dunia hii imeharibiwa na wachoyo!

Tukapiga makofi. Makofi yalipotulia, mwanamke mmoja akasogea mbele ya kundi. Nilimjua kwa sura, Suhara, wa kikundi cha akina mama cha ng'ambo ya mfereji. Alikuwa amekuja kuagiza bhajia za mkutano wao, na alikuwa amesimama pale tangu tulipoanza kusoma.

— Samahani, kaka. Na huo mchezo wako, mtu anaweza kuuchukua?

— Kuuchukua vipi?

— Tuucheze kwetu. Sisi ni wanawake watupu, kwa hiyo itabidi tuubadilishe kidogo. Na mwisho wake tutaubadilisha. Kaka ndiye aliyekuja na panga, kwa nini anayeomba radhi ni dada?

Komredi alishuka kwenye jiwe. Kuwait akakuta kuna kitu muhimu ndani ya glasi yake. Mimi nilimtazama Kondakta, ambaye hata koma zake haturuhusiwi kuzisogeza. Mwaka juzi aliacha kuongea na Kuwait, aliyeongeza neno moja jukwaani.

Kondakta akageuka, akaisoma tena ile sehemu ya dada kwenye kioo, polepole, midomo ikitembea.

— Na asipoomba radhi, — hatimaye aliuliza, — mchezo unaisha vipi?

— Hatujui bado, — akasema Suhara. — Ndiyo maana tunautaka.

Kondakta akasogea kwenye benchi mpaka nafasi ikapatikana, akamwonyesha akae.

— Mwalimu, mnakilie na yeye. — Halafu akamgeukia Suhara, kwa ukali wake ule wa ndani ya basi. — Lakini huo mwisho wenu mkishaupata, uniletee na mimi.